Homoni Baada ya Kukoma Hedhi: Je, Zinaulinda Moyo?

Kwa nini hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka hedhi ikikoma?

Katika miaka ya uzazi, estrojeni inayotoka kwenye ovari huisaidia mishipa ya damu kunyumbuka na huzuia lehemu mbaya isipande. Homoni hiyo ikipungua, lehemu huongezeka, mafuta hujikusanya tumboni na shinikizo la damu hupanda, mara nyingi bila dalili yoyote.

Basi mwanamke akirudishiwa homoni, si moyo wake utalindwa?

Madaktari wengi waliamini hivyo kwa miaka mingi, kwa kuwa wanawake waliotumia homoni walionekana kuugua moyo kwa uchache. Lakini wengi wao walikuwa na kipato na afya bora tangu mwanzo. Mwaka 1998 utafiti wa HERS nchini Marekani, uliohusisha wanawake 2,763 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo, haukuona kinga yoyote. Julai 2002 utafiti mwingine wa huko huko, WHI, ulisimamisha majaribio ya estrojeni pamoja na projestini (homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, homoni nyingine ya kike) kwa wanawake 16,608, kwa sababu madhara yalizidi faida.

Madhara hayo yalikuwa makubwa kiasi gani?

Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliopata ugonjwa wa mishipa ya moyo walikuwa 37 miongoni mwa waliomeza homoni, na 30 miongoni mwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Nyongeza ni wanawake saba, na ninasisitiza hesabu hii kwa sababu hofu iliyoenea baadaye iliwanyima nafuu wengi waliostahili kutibiwa. Tena wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, yaani wengi walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma, wakati ambapo huenda mafuta yalikuwa yamekwisha kuganda kwenye kuta za mishipa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa kwa walioanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, hatari kwa moyo ni ndogo. Hata hivyo, homoni hazitolewi kwa lengo la kuzuia ugonjwa wa moyo.

Nina miaka 52 na presha. Usiku joto hunipanda ghafla hadi khanga inalowa jasho. Je, nizitumie?

Pole sana, dada. Hilo si jambo la kuvumilia tu. Homoni ndizo tiba yenye nguvu zaidi kwa joto hilo, na presha peke yake haikuzuii, mradi idhibitiwe kwanza. Aliyewahi kupata shambulio la moyo, kiharusi, damu kuganda kwenye mishipa au saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Mwenye kizazi hupewa projesteroni pamoja na estrojeni, kwa maana estrojeni ikiwa peke yake huweza kusababisha saratani ya ukuta wa kizazi. Uliza pia kuhusu bandiko la ngozini: vidonge hupita kwanza kwenye ini na kuongeza uwezekano wa damu kuganda, ilhali dawa ya bandiko huingia moja kwa moja kwenye damu. Ukienda kliniki, mweleze daktari mwezi na mwaka wa hedhi yako ya mwisho, kwani bila hilo hawezi kukupimia hatari yako sawasawa.