Tundu la Kifungo: Lilale au Lisimame?

Wateja wengi ambao mashati yao hufunguka yenyewe hulaumu kifungo, ilhali mimi hukagua tundu kwanza. Kifungo huteleza ndani ya tundu kufuata upande nguo inakovutwa, kwa hiyo uelekeo wa tundu ni wa kuamuliwa kabla mkasi haujashikwa.

Kwenye kiuno cha sketi au mbele ya koti, ambako nguo huvutwa kwenda kando, tundu linapaswa kulala, kwa sababu kifungo hukimbilia mwisho wake na kukwama hapo. Lingesimama, lingepanuka katikati na kukiachia. Shati halivutwi sana mbele, tena ukanda wake wa vifungo ni mwembamba, hivyo matundu yake husimama, isipokuwa lile la kola. Tundu linalolala lisianzie kwenye mstari wa kati wa nguo, bali lisogezwe kama milimita 3 kuelekea ukingoni, ili kifungo kikikwama kikae juu ya mstari huo hasa.

Urefu wa tundu ni kipenyo cha kifungo ukijumlisha unene wake: kifungo cha shati cha milimita 11 chenye unene wa milimita 2 huhitaji tundu la milimita 13. Kifungo cha duara kama gololi kizungushie ukanda wa karatasi, kisha uchukue nusu ya mzunguko huo.

Kitambaa chepesi kibandikwe kwanza kitambaa kigumu cha ndani kwa pasi, la sivyo tundu litakunjamana. Kwa cherehani ya zigizaga, shona kwanza ndipo ukate, ukiwa umechomeka pini mwishoni mwa tundu ili kifaa cha kukatia kisipasue mishono ya kufungia. Cherehani ya kushona mstari ulionyooka pekee haikunyimi tundu zuri: zungushia alama ya tundu mshono wa michomo mifupi, kata katikati, kisha shona ukingo kwa mkono, kila mchomo ukiacha fundo dogo juu ya sehemu iliyokatwa. Kazi hiyo ni ya polepole, lakini kwenye koti la sufu mimi huipenda kuliko ya mashine.

Kifungo chenyewe kisibanwe mno. Weka njiti ya kiberiti juu yake, shona ukiipitia, ichomoe, kisha uzungushe uzi chini ya kifungo mara kadhaa ili kipate shina, kwani koti nene ambalo kifungo chake hakina shina hukunjamana kila linapofungwa.

Kwa blauzi, anza kuweka alama ya tundu la kifuani, mahali palipojaa zaidi, ndipo ugawe nafasi za mengine kwenda juu na chini.