Kauri ya kipandikizi cha jino nayo huzeeka

Kauri haishiki kutu, na rangi yake inakaribia ya jino. Ndiyo maana wagonjwa wengine huomba kipandikizi cha kauri badala ya cha titani, wakiamini kwamba kikishawekwa kwenye taya hakitabadilika. Lakini zirkonia, kauri inayotumika zaidi kwa kazi hii, huzeeka, na kinachoizeesha ni maji. Mate na majimaji ya mwili huigusa saa zote.

Zirkonia imeundwa kwa punje ndogo za fuwele ambazo umbo lake hutegemea joto. Kwenye joto la kawaida umbo lake la asili huitwa monokliniki. Ikipashwa hadi nyuzi 1170 hivi za Selsiasi, huwa tetragonali. Watengenezaji huongeza itria kidogo (oksidi ya metali iitwayo yitriamu), kwa kawaida molekuli 3 katika kila 100, ili umbo la tetragonali libaki hata kauri ikishapoa. Nguvu yake yote imo humo. Ufa ukianza, punje zilizo kwenye ncha ya ufa hugeuka monokliniki, na kwa kuwa umbo hilo hujaza nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 4 hivi, ufa hubanwa usiendelee. Garvie na wenzake nchini Australia walilieleza jambo hili mwaka 1975.

Mwaka 1981 Kobayashi na wenzake wa Japani walionyesha upande wa pili: unyevu pia huzigeuza punje hizo, bila ufa wowote. Punje ya juu hugeuka, huvimba na kuzisukuma jirani zake. Nyufa ndogo hufunguka kati yao, maji huingia na kuifikia punje iliyo chini. Uso unazidi kukwaruza na uimara unapungua. Mageuzi haya huenda kasi zaidi kwenye nyuzi 250 hivi. Kwa nyuzi 37 za mwili huchukua miaka. Mgonjwa hasikii maumivu yoyote kwa sababu ya hilo.

Wanaodhani haya ni ya maabara tu wakumbuke vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia. Mwaka 2001 kampuni ya Saint-Gobain Desmarquest ya Ufaransa iliviondoa sokoni baada ya mamia kuvunjika ndani ya miili ya watu muda mfupi tu baada ya upasuaji. Kilichobadilika kiwandani kilikuwa tanuri la kuchomea. Kwangu mimi hili ndilo funzo zito kuliko yote, kwamba jina “zirkonia” peke yake halimhakikishii mgonjwa chochote. Ukubwa wa punje, matundu yaliyobaki ndani na jinsi kauri ilivyochomwa ndivyo vinavyoamua.

Kipandikizi cha jino kina mtihani wake. Uso wake hukwaruzwa makusudi, mara nyingi kwa kupulizwa mchanga, ili mfupa uushike. Kupuliza huko huacha mgandamizo unaoweza kuchelewesha kuzeeka, lakini pia huacha mikwaruzo inayoweza kuzaa ufa. Kisha kuna vipandikizi vya kipande kimoja, ambavyo mzizi na shina lake vimeungana, na daktari hushawishika kuvisaga kidogo mdomoni ili taji, yaani jino bandia la juu, likae sawa. Naomba jambo hili lifanywe pale tu mtengenezaji anaporuhusu, na kwa namna aliyoelekeza.

Kiwango cha kimataifa cha zirkonia ya vipandikizi, ISO 13356, hupima kuzeeka kwa mvuke wa nyuzi 134 kwa saa 5, na sehemu iliyogeuka isizidi asilimia 25. Watafiti hukadiria saa moja ya jaribio hilo kuwa sawa na miaka 3 au 4 mwilini. Ni kadirio, na hukokotolewa kutoka joto la juu sana kuliko la mwili, kwa hiyo halichukui nafasi ya kufuatilia wagonjwa wenyewe.

Dawa ya kuzeeka ipo kwa sehemu. Alumina (oksidi ya alumini) kidogo sana, robo asilimia hivi, huchelewesha mageuzi, na mchanganyiko wenye alumina nyingi zaidi huyastahimili vizuri kuliko zirkonia tupu. Anayepanga kuwekewa kipandikizi cha kauri amuulize daktari wake ni kauri ya aina gani, ilipimwaje kwa kuzeeka ikiwa tayari ni kipandikizi kamili, na wagonjwa wa kwanza kuwekewa wamefuatiliwa kwa miaka mingapi.