Kutia risasi ncha ya waya ni nini?

Kaa kidogo kwenye kibanda cha fundi redio pale Ngamiani, Tanga. Utamwona anamenya waya, anazisokota nyuzi zake kwa vidole, anaugusisha kwenye pasi ya kulehemu, na mara ile shaba nyekundu inageuka rangi ya fedha. Hapo hajaunga kitu bado. Ameutia waya risasi, yaani amezivika nyuzi zake tabaka jembamba la lehemu ili baadaye zishike upesi na zisitawanyike. Uzi mmoja tu ukichomoza na kugusa waya wa jirani, shoti.

Tunasema risasi, lakini lehemu iliyozoeleka ina bati asilimia 60 na risasi 40 tu. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi, wakati shaba inangoja mpaka 1,085. Kwa hiyo kulehemu si kuchomelea. Shaba haiyeyuki hata kidogo. Bati ndilo linaloushika uso wake. Uso huo basi lazima uwe safi, na hapa pwani, kwa hewa hii ya chumvi, waya wa taa ya mvuvi haukawii kuota ukijani. Ukwangue au ukate hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Uchafu mdogo unaobaki huondolewa na dawa iliyo ndani ya lehemu yenyewe, ambayo aghalabu ni utomvu wa msonobari. Moshi unaokuwasha macho ni wa utomvu huo. Risasi yenyewe inabaki vidoleni, nawa kabla ya kula.

Wengi hukosea kwa kuyeyusha lehemu kwenye pasi kisha kuipaka kwenye waya kama samli kwenye chapati. Pasi ipashe waya kwanza, na lehemu iguse waya, si pasi. Ukipata moto wa kutosha utaona waya unainywa. Ikikaa vizuri, mistari ya nyuzi bado inaonekana chini yake. Ukiona donge la duara, haijashika.

Sasa lile ninalobishana nalo na mafundi kila siku: ncha inayobanwa kwa skrubu usiitie risasi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo kwenye plagi ya pasi ya nguo, nikajiona fundi kweli. Baada ya wiki kadhaa plagi ikaanza kunuka, plastiki imebabuka. Lehemu ni laini. Ikikandamizwa hutambaa polepole, skrubu inalegea, na mguso uliolegea hupata moto. Kwenye boti yenye injini kuna hatari ya pili: lehemu hupanda chini ya plastiki, waya unakakamaa, na mtikisiko unaukata pale ukakamavu unapoishia.

Ukikuta ncha ya namna hiyo ndani ya plagi, ikate, menya upya, sokota nyuzi, kaza.