Ukuta Unaojisokota: Sinagogi Jipya la Dresden Husimamaje?

Anayepita kando ya Mto Elbe mjini Dresden, Ujerumani, hulitazama sinagogi (nyumba ya ibada ya Wayahudi) la mji huo na kudhani mafundi walisahau timazi. Ni mchemraba wa zege wenye kimo cha mita 24 hivi, na kadiri kuta zinavyopanda ndivyo zinavyogeuka. Hakuna aliyekosea. Kiwanja ni chembamba na kimekaa upande, ilhali wanaosali wanatakiwa waelekee mashariki. Wasanifu wa kampuni ya Wandel Hoefer Lorch na Hirsch wakaamua kwamba chini jengo litii kiwanja, juu litii ibada. Aliyezoea misikiti ya vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, inayofuata njia kwa nje na kibla kwa ndani, ataielewa haja hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba Dresden mgeuko wenyewe umejengwa ukutani: kozi, yaani safu, zaidi ya 30 za matofali makubwa ya zege, kila moja imesogezwa sentimita chache juu ya mwenzake.

Sentimita chache si kitu, utasema. Tupige hesabu ya mfano. Tofali lina upana wa sentimita 60, na karibu na pembe kila kozi inatoka nje kwa sentimita 6. Tofali moja juu ya jingine halina wasiwasi wowote. Lakini masogeo hujumlishana. Ukifika kozi ya 12, kitovu cha uzito wa kipande hicho cha ukuta kimeshapita ukingo wa tofali la chini kabisa. Kingekuwa kimesimama peke yake bila kushikwa, kingeanguka, nawe bado hujafika hata nusu ya jengo.

Kinachookoa ni kwamba hakisimami peke yake. Mraba ukizungushwa juu ya mraba, nusu ya kila ukuta hutoka nje na nusu nyingine hurudi ndani, hivyo uzito wa jengo zima unabaki juu ya katikati ya msingi. Kupinduka, basi, si tatizo kubwa. Tatizo ni msokoto: mzigo unaoshuka kwa mshazari hulisukuma jengo liendelee kujisokota. Kuta nne zilizofungamana pembeni, na kufungwa juu kwa paa, huumudu msokoto huo vizuri sana. Zikiachana pembeni, haziuwezi. Na kwa kuwa zege huvumilia kugandamizwa kuliko kuvutwa, mivuto inayoletwa na msokoto huachiwa chuma. Ukuta wa nyumba yako uliopinda kwa uzembe wa fundi hauna hesabu hii nyuma yake, tafadhali usiutetee kwa mfano wa Dresden.

Sinagogi hili lilizinduliwa tarehe 9 Novemba 2001, miaka 63 baada ya Wanazi kulichoma lile la kwanza, kazi ya msanifu Gottfried Semper iliyokamilika mwaka 1840. Alama ya msingi wa lile la kwanza imechorwa uani kwa vipande vya vioo.

Kwenye jengo la namna hii macho ya wengi hukimbilia pembe inayoning'inia. Mimi ningeanza ukaguzi upande unaorudi ndani, ambako kila kozi huacha kidaraja. Maji ya mvua na theluji hutuama hapo, hupenya kwenye viungo, kisha yakiganda wakati wa baridi hutanuka na kupasua zege.