Je, wajua? Kwa nini kosa la mpiga fidla mmoja liliwarudisha mwanzo watu 60

Chukua wimbo wowote mkubwa wa filamu ya Kihindi wa miaka ya 1950, ule ambao bibi akiusikia redioni huacha kuchambua mchele. Ndani yake mna mwimbaji, safu za fidla, filimbi, sitar, tabla, pengine tarumbeta mbili na kundi la waitikiaji. Aliyezoea muziki wa sasa atadhani kila sauti ilirekodiwa kivyake, kisha fundi akazipanga. Sivyo. Wote walikuwa chumba kimoja, wakapiga kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Fidla moja ikikwaruza kwenye ubeti wa tatu, fundi sauti anasimamisha kazi na watu 60 wanaanza upya, hata kama mwimbaji ni Lata Mangeshkar na alikuwa ameimba vizuri kuliko siku zote.

Sababu ilikuwa kwenye mkanda. Kabla ya tepu ya sumaku kuenea studio za Bombay katika miaka ya 1950, sauti iliandikwa kwa mwanga. Maikrofoni iligeuza sauti kuwa umeme, umeme ukatikisa mwali wa taa, na mwali ukachora mstari pembeni mwa filamu ya milimita 35. Filamu hiyo ilipaswa kwenda maabara kusafishwa, kama picha za kamera za zamani, ndipo isikilizwe. Kwa hiyo siku ya kurekodi hapakuwa na kusema "hebu turudishe tusikie". Fundi mwenye vipokea sauti masikioni ndiye aliyeamua papo hapo kama kazi imefaa. Tepu ilipokuja iliondoa shida ya kusubiri, lakini sauti zote bado zilimiminwa kwenye mstari mmoja, na kilichokwisha kuchanganywa hakichanguki. Ni sukari kwenye chai. Mkanda ungeweza kukatwa kwa mkasi na kuungwa, ila penye kimya tu. Fidla zikiwa zinavuta na mwimbaji kashikilia sauti, hakuna pa kupitisha mkasi.

Hata hivyo, hiyo ilikuwa nafuu kubwa ukilinganisha na mwanzo wenyewe. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya Ardeshir Irani, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931 kwenye sinema ya Majestic, ikiwa na nyimbo 7. Picha na sauti zilinaswa kwa pamoja, kwa hiyo mwigizaji alilazimika kuimba mwenyewe mbele ya kamera, na wapigaji wakajificha pasipofikiwa na jicho la kamera. Studio ilikuwa karibu na reli, ikabidi wafanye kazi usiku wa manane treni zikishatulia. Wimbo wa kwanza, ulioimbwa na W. M. Khan, ulipigiwa harmoniamu na tabla tu. Ala zaidi zingefichwa wapi? Mwaka mmoja baadaye ikatoka Indra Sabha, yenye nyimbo zipatazo 70. Sinema ilikuwa imerithi tamthilia za jukwaani ambako watu hawakuona ajabu mtu kuimba anapodai deni.

Mlango ulifunguka mwaka 1935 Calcutta, kwenye kampuni ya New Theatres. Katika filamu ya Dhoop Chhaon iliyoongozwa na Nitin Bose, wimbo ulirekodiwa kwanza, peke yake. Siku ya kupiga picha sauti ikatolewa kwenye spika, na waigizaji wakafuatisha kwa midomo. Hapo ndipo ilipozaliwa pleibeki. Mara moja sura na sauti zikaachana: aliye mzuri wa sura hakuhitaji koo, na mwenye koo hakuhitaji sura. K. L. Saigal, aliyefariki Januari 1947, alikuwa katika wa mwisho waliotamba kwa vyote viwili. Na kwa kuwa kamera haikuwepo chumbani, wapigaji wakatoka mafichoni. Wakawa 10, wakawa 30, wakawa zaidi ya 60. Wimbo mmoja wa Mohammed Rafi katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 unatajwa kuwa na waitikiaji 100.

Mwanzoni hata jina la mwimbaji halikutajwa. Santuri ya wimbo wa filamu ya Mahal ya mwaka 1949, ule uliomtoa Lata, iliandikwa kuwa umeimbwa na Kamini, ambaye ni mhusika wa hadithi. Watu wakawa wanaulizia redioni Kamini ni nani.

Wimbo huohuo ndio unaoonyesha vizuri jinsi chumba chenyewe kilivyotumika kama chombo. Hadithi ilitaka sauti ya mwanamke itoke mbali, kana kwamba ni mzimu, kisha isogee. Leo fundi angevuta kitufe. Mwaka 1949 mtunzi Khemchand Prakash alikuwa na maikrofoni katikati ya chumba, na Lata akaanza mistari ya mwanzo akiwa pembeni huku akitembea kuifuata, kwa mahesabu ya kufika kwenye maikrofoni pale mdundo unapoingia. Akiwahi, umbali unaisha kabla ya maneno; akichelewa, mdundo unamkuta njiani. Kupandisha sauti polepole kwa mkono kusingetoa matokeo yaleyale, na sababu yake ni hii: mtu akiwa mbali, maikrofoni hupokea zaidi mwangwi wa kuta kuliko sauti inayotoka kinywani. Anaposogea, sauti ya kinywani inakua lakini mwangwi unabaki palepale. Sikio letu hupima umbali kwa uwiano huo, na kitufe cha sauti hupandisha vyote viwili kwa pamoja.

Umbali pia ndio uliopanga bendi nzima. Kwenye uwanja wa wazi, ukiongeza umbali mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Ndani ya chumba hupungua kidogo kuliko hapo kwa sababu kuta huirudisha. Basi mwenye filimbi alikaa karibu na maikrofoni, fidla zikafuata kwa safu, tarumbeta zikasukumwa nyuma kabisa. Ngoma zilizingirwa na mbao za kuzuia sauti, la sivyo tabla ingevujia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, na kila akiinuliwa yeye, tabla nayo inapanda. Saksafoni ikizidi, dawa yake ilikuwa kumwambia mpigaji arudishe kiti nyuma hatua mbili.

Tabla yenyewe, ambayo ni jozi ya ngoma, ilikuwa na matatizo yake. Ile ndogo, ya mkono wa kulia, kwa kawaida hulinganishwa na sa ya wimbo, yaani noti ya nyumbani, kwa kugonga kwa kinyundo pete iliyosukwa ukingoni: kugonga kwenda chini hukaza ngozi na kupandisha sauti, kugonga kutoka chini kwenda juu huilegeza. Ngozi hupenda unyevu, na Bombay wakati wa masika hewa ni kama ya Mombasa mwezi Mei. Baada ya kurudia mara kadhaa tabla imeshashuka, harmoniamu haijashuka, na mtu mwenye sikio anasikia ugomvi. Kinyundo kinatoka tena.

Nani aliyewaandikia watu 60 cha kupiga? Hapa ndipo sifa zilipotolewa kwa upendeleo. Kwenye bango lilikaa jina la mtunzi wa mahadhi: Naushad, Shankar na Jaikishan, S. D. Burman, O. P. Nayyar. Mtunzi aliketi na harmoniamu na mpiga tabla, akapata sauti ya mukhda, yaani kibwagizo kinachofungua wimbo na kurudi kila baada ya ubeti, kisha sauti ya antara, yaani beti zenyewe. Mara nyingi mahadhi yalitangulia na mshairi akaletewa apime maneno ndani yake, na washairi hao walikuwa wakubwa wa Kiurdu, kina Sahir Ludhianvi na Shakeel Badayuni. Lakini kati ya beti kuna muziki mtupu, na chini ya mwimbaji kuna fidla zinazosema habari nyingine kabisa. Huo uliandikwa na mpangaji wa ala, na mara nyingi alikuwa Mkristo wa Goa.

Goa ilikuwa koloni la Mreno, na shule zake za parokia ziliwafundisha watoto kusoma noti na kupiga fidla ili waitumikie kanisa. Wapigaji wa Kihindustani walijifunza kwa sikio kutoka kwa walimu wao, na ukiwa na watu watano sikio linatosha. Ukiwa na watu 60 na saa chache, lazima kuwe na karatasi. (Wazanzibari nao walikuwa na Wagoa wao: wapigaji wa bendi ya Sultani, tangu karne ya 19.) Sebastian D'Souza aliwapangia ala Shankar na Jaikishan kwa miaka mingi. Anthony Gonsalves, mpiga fidla, alimfundisha kijana aitwaye Pyarelal, ambaye baadaye akawa nusu ya jozi ya watunzi Laxmikant-Pyarelal. Ule wimbo wa Amar Akbar Anthony wa mwaka 1977 ambao mhusika anajitaja kuwa Anthony Gonsalves ni salamu za mwanafunzi kwa mwalimu. Wengi waliucheza bila kujua kwamba jina hilo lina mwenyewe. Wengine hawakupata hata hiyo salamu, na kwa maoni yetu hiyo ni dhuluma, kwa sababu ukiondoa kazi yao nusu ya utamu inaondoka.

Sauti ambayo ala haikuweza kuitoa ilitafutwa kokote. Zumari ya mganga wa nyoka katika Nagin ya mwaka 1954 si zumari. Ni kinanda kidogo cha umeme kiitwacho clavioline, kilichopigwa na Kalyanji, kikisaidiwa na harmoniamu. Kwa ukumbi wa vioo wa Mughal-e-Azam ulihitajika mwangwi mkali, na masimulizi ya studio yanasema Lata alipelekwa kuimba bafuni. Vigae havinyonyi sauti sana, vinairudisha karibu yote. Mtunzi R. D. Burman akaja kugonga glasi kwa kijiko mwaka 1973, na mwaka 1975 katika Sholay akapuliza mdomo wa chupa.

Huku pwani nyimbo hizi zilikuta njia imeshafunguliwa. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, miaka mitatu kabla filamu ya Kihindi haijasema neno. Picha za Kihindi zilipojaza Majestic ya Unguja na Avalon ya Dar es Salaam, watu walitoka na mahadhi kichwani bila kujua maana ya maneno, na huko Mombasa mwimbaji wa taarab Juma Bhalo akajenga jina kwa kuyavika mashairi ya Kiswahili. Kazi hiyo ina hesabu yake. Mdundo unaotawala nyimbo za filamu ni keherwa, wenye mapigo 8, na kipande cha shairi letu kina mizani 8, kwa hiyo maneno huingia bila kusukumwa sana. Ugumu uko mwisho wa mstari. Kihindi mara nyingi huvuta silabi ya mwisho, ilhali Kiswahili hukaza ya pili kutoka mwisho. Ukilazimisha, "moyo" inageuka "moyooo" na masikio yanachoka. Njia mojawapo ya kukwepa ni kulifunga neno mapema na kuiachia "ee" au "yaa" ule mvuto uliobaki.

Kuna jambo linalowachanganya wanaotafuta nyimbo hizi mtandaoni. Wimbo mmoja una matoleo mawili, la filamu na la santuri, na hayalingani. Santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika hubeba takribani dakika 3 na sekunde 20 kwa upande mmoja. Wimbo wa dakika 5 ama uligawanywa pande mbili, ama ulinyang'anywa ubeti. Ubeti uliokatwa unapatikana kwenye filamu tu. Na ukiuchukua huko, mara nyingi wimbo unakuwa juu kidogo na haraka kidogo, kiasi kwamba huwezi kuupigia harmoniamu. Kosa si la mwimbaji. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, lakini televisheni na DVD za mfumo wa PAL, uliotumika India na Afrika Mashariki, hupita picha 25, na mara nyingi waliohamisha waliiharakisha tu. Wimbo wa dakika 4 unaisha karibu sekunde 10 mapema, na sauti inapanda karibu nusu noti.

Kuutambua ni rahisi: tafuta sa ya wimbo kwenye kinanda, na ikiangukia katikati ya vitufe viwili, shuku kasi. Kwenye programu ya kuhariri sauti weka kasi ya 0.96, na hakikisha umezima ile sehemu inayolinda kimo cha sauti, kwa sababu hapa unataka kasi na kimo vishuke pamoja. Kwa faili lililotoka kwenye santuri usifanye hivyo, utampa Lata sauti ya shangazi yake.