Mbwa wa dharura ni yupi hasa?

Kila inaposambaa habari ya mbwa aliyewaamsha wenyewe nyumba ikiungua, hawakosi watu wa kusema, “Hata wangu ni mbwa wa dharura, akisikia kishindo tu anabweka.” Kubweka, mbwa wote hubweka. Mbwa wa dharura ni yule aliyefundishwa tendo mahususi na ishara ya kulianzisha: mtu akianguka, aende kumwita mwingine wa nyumbani, kengele ya moshi ikilia, aje kumkwaruza aliyelala, akiagizwa simu, ailete. Anaweza kuwa huyuhuyu mbwa wenu wa kila siku.

Kinachowachanganya wengi ni uaminifu. Wanaamini mbwa anayempenda mwenyewe atajua la kufanya siku ya shida. Mwaka 2006, Krista Macpherson na William Roberts wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Canada, waliijaribu imani hiyo. Wenye mbwa walijifanya wameanguka kwa shambulio la moyo, na katika jaribio la pili wakajifanya wameangukiwa na kabati la vitabu. Karibu alikuwapo mtu ambaye mbwa angeweza kumwendea. Hakuna mbwa aliyekwenda kuomba msaada.

Matokeo hayo huwaudhi wapenda mbwa, na wengine huyasoma vibaya kwa upande wa pili: kumbe mbwa hajali! Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliwachukua mbwa 60 wasio na mafunzo ya uokoaji, wakawafungia wenye mbwa hao ndani ya sanduku kubwa lenye mlango mwepesi, wakijifanya kuita kwa hofu. Mbwa 20 walifungua. Wachache, utasema. Lakini chakula kilipowekwa humo sandukuni, waliofungua walikuwa 19 tu, na kati ya hao 19, 16 walimfungulia na mwenyewe pia. Na mwenyewe alipolia, mbwa walilalama kuliko alipokaa humo akisoma kimya. Nia ilikuwapo kwa wengi. Walichokosa ni kujua mlango unafunguliwaje. Pengo hilo ndilo mafunzo huliziba, na penzi peke yake haliwezi.

Chukua kumwita mtu. Mbwa hujifunza kwanza jina la mtu huyo, kisha kumfuata akitumwa, na tuzo huitoa aliyefuatwa ili kumfikia kuwe na faida. Baadaye neno la kumtuma huambatanishwa na mwili ulioanguka sakafuni, mpaka kuanguka kwenyewe kuwe ndiyo amri. Halafu yote hurudiwa sebuleni, jikoni, uani, kwa sababu alichojifunza mbwa chumba kimoja hakihami chenyewe kwenda kingine. Kengele ya moshi ni ngumu zaidi: mlio wake mkali huwatia mbwa wengi hofu, na asiyezoeshwa kidogo kidogo huenda akajificha uvunguni badala ya kukuamsha. Na somo lisiporudiwa hufifia.

Kosa jingine ni kumwita mbwa huyu mtabiri wa kifafa. Kulala kando ya mgonjwa au kumwita mtu degedege likishaanza, hilo hufundishika. Kujua kabla halijaanza ni jambo jingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha mbwa 5 waliofunzwa wakiitambua harufu ya mtu aliyekuwa katika degedege kati ya harufu nyingine. Harufu ipo, basi; lakini kuichagua kati ya sampuli zilizopangwa mbele ya pua si kutabiri.

Kwa hiyo huyo wako anayebweka kwa kila kishindo, mwite mlinzi, na ni mlinzi mzuri. Hilo jina jingine lisubiri hadi ujilaze sakafuni bila kumwambia neno, naye aende kumleta mtu, leo na kesho pia.