Kabla ya Kuchapisha Bango: Zingatia Herufi za Duara

Muhula huu kitengo chetu cha uchapaji, katika chuo cha ufundi hapa Kisumu, kimepokea malalamiko mengi kuliko kawaida, na karibu yote yanahusu fonti (mitindo ya herufi) zenye O inayoonekana kama duara kamili. Zahanati moja ya upande wa Kondele ilirudisha baneri ikidai tumekosea tahajia. Hatukukosea. Neno "dawa" liliandikwa sawasawa, ila ukisimama ng'ambo ya barabara unasoma "dowo".

Futura, iliyochorwa na Paul Renner na kutolewa Ujerumani mwaka 1927, ina a ndogo ambayo ni duara lenye kijiti ubavuni. Century Gothic ni vivyo hivyo. Kijiti kikififia kwa umbali au kwa jua, kinachobaki ni o. Kiswahili kimejaa a: "maabara" pekee ina a nne katika herufi saba. Ikiwa maandishi yako ni ya Kiswahili na yatasomwa na mpita njia, chagua fonti ambayo a yake ina paa juu, yaani kipinde kinachofunika tumbo la herufi. Montserrat, aliyoianzisha Julieta Ulanovsky kutokana na mabango ya zamani ya mtaa wa jina hilo huko Buenos Aires, inayo. Poppins haina; a yake ni duara lenye kijiti kama ya Futura. Zote mbili ni za bure, hata kwa biashara.

Tunaomba pia wateja waache kutuambia kwamba herufi hizi "ni bikari na rula tu". Pima O na H za Futura zilizochapwa kubwa: O huipita H kidogo juu na chini, kwa sababu ikilingana na H jicho huiona ndogo. Pale duara linapokutana na kijiti, mstari umepunguzwa unene ili wino usijae. Fundi anayechora kwa bikari hupata kitu kizito, chenye madoa kwenye viungo.

Kwa vichwa na majina ya maduka, herufi hizi ni nzuri sana. Kwa maelezo marefu ya kipimo cha dawa, hapana.

Sasa utaratibu. Faili iletwe katika PDF, fonti zikiwa zimepachikwa ndani. Zisipopachikwa, mashine huweka fonti nyingine yenyewe na mistari yote husogea. Faili hiyo hurudishwa, na ikiletwa tena huanza mwisho wa foleni. Fonti ya kulipiwa iambatane na nakala ya leseni yenye jina la mnunuzi. Leseni ya rafiki haikubaliki. Fonti ni programu, na programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Anayeikiuka anaweza kushtakiwa, na adhabu ni pamoja na faini na kifungo. Kisha tunatoa prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, nawe unatia sahihi kila ukurasa. Kosa likigunduliwa baada ya sahihi, gharama ya kuchapa upya ni yako, hata kama kosa ni herufi moja.

Kabla ya kutia sahihi, bandika prufu ukutani, rudi nyuma hatua thelathini, na umwombe mtu ambaye hakuyaandika maneno hayo ayasome kwa sauti. Ukuta wa nje wa karakana yetu uko wazi kwa kazi hiyo, na gundi ya karatasi ipo mapokezi.